Maji ya Uyoga ya Kaka

Kwa miezi mingi nyumba ya mama pale Kariakoo ilinuka mbao zilizolowa. Ulikuwa uyoga. Kaka yangu aliuchemsha uwani kila asubuhi baada ya swala, kwenye sufuria kubwa ambayo zamani tulipikia ubwabwa wa maulidi, na alimkataza mtu yeyote kuigusa. Ukipita uwani kwenda bafuni ilibidi uizunguke ile sufuria kama unazunguka mgonjwa.

Haukuwa uyoga wa kula. Ule wa kula naufahamu, ni laini na unakubaliana na tui la nazi. Huu ulikuwa mgumu, wa rangi ya kahawia inayokaribia wekundu, unang'aa juu kana kwamba fundi seremala ameupaka vanishi. Kaka aliununua mkavu, umekatwa vipande, kwenye duka la dawa za asili nyuma ya soko, mahali ambapo wanauza pia habbat soda, mafuta ya nyoka na sabuni za kung'arisha uso. Nilijaribu siku moja kuonja yale maji yake. Uchungu wake ulikaa mdomoni mpaka nilipofika shuleni na nikawafokea wanafunzi bila sababu.

Mama alikuwa na saratani ya titi. Naitaja hapa kwa jina kwa sababu nyumbani hakuna aliyeitaja. Tulisema "yale maradhi", na wageni waliokuja kumjulia hali walisema "hilo tatizo", wakitazama mkeka. Hospitali walikuwa wamemtoa titi mwaka uliotangulia, kidonda kikapona, tukashukuru Mungu, tukachinja. Kisha maumivu yakarudi mgongoni na ubavuni, na daktari akampangia dripu za dawa, zile zinazomaliza nywele.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mwisho ya chini katika mtaa ule. Kulia ghorofa, kushoto ghorofa, mbele ghorofa linaloendelea kupanda, na jua lilikuwa linaingia uwani kwa kuchungulia tu, mchana, likaondoka. Mama alikataa kuuza. Alizaliwa pale, akaolewa akarudi pale, na alikuwa akisema wazi kwamba atatolewa pale kwa jeneza. Tulimwambia asiseme hivyo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari Ilala. Kaka anauza vipuri vya magari mtaa wa Gerezani. Yeye ndiye mkubwa, na baba alipofariki alichukua nafasi yake mezani bila mtu kumwambia. Ni mtu mwema na mbishi, na ubishi huo tumegawana nusu kwa nusu.

Habari za uyoga alizipata Posta, katikati ya mji. Rafiki yake alimpeleka kwenye semina, ukumbini, kuna viyoyozi na maji ya chupa, na watu wakisimama mmoja mmoja kueleza walivyopona. Alirudi na vidonge na kichupa cha matone. Mama alikifungua kile kichupa, akakinusa, akakifunga.

"Hii pombe," alisema, akamrudishia.

Kaka hakukasirika. Alikwenda kuuliza, akaambiwa kwamba katika uyoga ule kuna vitu vinavyotoka kwa spiriti na vingine vinavyotoka kwa maji ya moto, ukichemsha kwa muda mrefu. Basi akaamua kuchukua vile vya maji. Vidonge akaviacha pia, kwa kuwa hakujua kilichotumika kuvitengeneza, akanunua uyoga wenyewe, akaanza kuchemsha kwa mkono wake. Mtu aliyekuwa hajui hata kubandika chai akawa anaamka gizani kupuliza mkaa. Kila nikikumbuka hasira niliyokuwa nayo juu yake wakati ule, nakumbuka pia mgongo wake umeinama pale uwani, na hasira inapungua. Haiishi, lakini inapungua.

Alikuwa amejifunza maneno. Alisema uyoga una viondoa sumu, unazuia seli zisichakae, unaamsha kinga. Mimi nikaona hapa ndipo kwangu, nikamweleza kama ninavyoeleza kidato cha tatu: mwili ukitumia hewa hubaki na mabaki yanayogombana na seli, yakiziharibu polepole, na kuna vitu katika vyakula vingi tu, katika mchicha, katika embe, hata katika chai, vinavyoyatuliza mabaki hayo. Nikamwambia afikirie kutu kwenye chuma. Nilidhani nimemshinda.

"Basi sawa," alisema. "Mama anapata kutu, na mimi nampaka grisi."

Kwa muuza vipuri hilo lilikuwa jibu kamili. Nikaenda kazini nimenuna.

Nina rafiki niliyesoma naye ambaye anafanya kazi maabara, na amewahi kuchunguza uyoga wa porini unaotoka huko kusini. Nilimfuata Jumamosi moja nikamweleza kila kitu. Alinieleza kwa upole kwamba kaka hajadanganywa moja kwa moja. Wao huchukua kimiminika cha zambarau, wakadondoshea maji ya uyoga, na ile zambarau ikififia wanajua vile viondoa sumu vimo. Wanachukua seli za saratani zinazooteshwa kwenye vyombo, wakaziwekea maji yale yale, na nyingi zinakufa. Nikamuuliza kama ni hivyo, mimi nabishana nini.

"Hata maji ya moto yanaziua," alisema. "Kuziua kwenye chombo si kazi. Mama yako hayumo kwenye chombo."

Akaongeza kwamba kuna wagonjwa wanaopewa uyoga wa namna ile pamoja na matibabu ya hospitali, na wapo wanaosema uchovu umepungua, ila hajaona mahali ambapo mgonjwa ameachiwa uyoga peke yake akapona saratani. Na kwamba daktari lazima aambiwe, kwa sababu vitu vile vikikutana na dawa kali vinaweza kulisumbua ini au damu. Nilirudi na maneno hayo kifuani nikiwa na haraka ya kuyatua.

Kilichonitisha hasa hakikuwa uyoga. Dripu za kwanza zilimtesa mama. Mdomo ulijaa vidonda, alitapika mpaka hakuna cha kutapika, na nywele zake, ambazo alizipaka mafuta ya nazi tangu usichana, zilibaki kwenye mto. Nilikwenda Mchikichini nikamtafutia magauni mapana ya pamba kwenye mitumba, yasiyomkwaruza ngozi, na vitambaa laini vya kichwa, na niliporudi alivipokea akavishika shika bila kuvivaa. Kaka hakumwambia aache hospitali hata siku moja. Alichosema, akiwa amesimama mlangoni na chupa yake ya chai iliyojaa maji ya uyoga, ni kwamba angalau hii haimtesi. Niliisikia sentensi ile nikaogopa. Nilijua mama naye ameisikia.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa na jambo moja tu kichwani: mama asiziache dripu. Mengine yote yalikuwa kelele.

Sasa kuna mila ya nyumbani kwetu ambayo lazima niieleze. Kwetu dawa haipokelewi kwa asante. Ukimshukuru aliyekupa, dawa inakataa kufanya kazi. Sijui ilianzia wapi, lakini tumekua nayo, na hata mimi mwenye shahada yangu ukinipa kidonge cha kichwa nitakipokea kimya. Kwa hiyo kaka alipompa mama kikombe, mama alipokea kimya. Mimi nilipompa vidonge vya hospitali, alipokea kimya. Uso wake haukusema kitu. Hatukuwa na njia ya kujua ni ya nani aliyoiamini, na kila mmoja wetu aliusoma ule ukimya kwa faida yake.

Wa kumpeleka hospitali alikuwa mtani wetu. Sisi ni Wazaramo, yeye ni mwanamke wa Kinyamwezi, na alikuwa amepanga chumba cha mbele katika nyumba ya mama tangu mimi ni msichana. Anauza dagaa sokoni. Yeye na mama walikuwa wakiitana mtumwa wangu, wakitukanana asubuhi mpaka wapita njia wakageuka, halafu wakala sahani moja. Mama alipokonda, wageni wakawa wanaingia kwa kunyata, mtani aliingia akisema kwa sauti kwamba kitanda kile ni chake, amekiwekea nafasi, mama afanye haraka. Mama alicheka. Ni yeye peke yake aliyekuwa anaweza kumchekesha.

Mimi nilikuwa darasani siku za wiki, kaka yuko dukani, hivyo siku za dripu waliondoka wao wawili kwa bajaji. Walirudi alasiri, mama amechoka, anaegemea mlango. Tulipouliza mambo yamekwendaje, mtani ndiye aliyejibu.

"Tumetoka Feri. Mtumwa wangu kamaliza samaki mzima, mpaka macho."

Tulicheka. Kaka alicheka, mimi nilicheka, mama alitabasamu akaenda kujilaza. Safari nyingine alisema wamekaa pale Feri kwenye mnada wa samaki na mama akapandisha bei ya jodari ambaye hana nia ya kumnunua, wavuvi nusura wawapige. Tukacheka zaidi. Nakumbuka kanga ya mama ilinuka mafuta ya kukaangia, nikadhani harufu imemshika njiani mahali fulani, nikaifua.

Ugomvi wangu na kaka ulifika kilele siku ya mvua, sote tumejibana chini ya paa la uwani na sufuria yake katikati. Nilimwambia daktari hajui kuhusu uyoga, na kama hataki kumwambia nitakwenda mimi. Akasema daktari atamkataza kwa sababu ya biashara yake. Nikasema mwenye biashara ni aliyemwita Posta. Akasema mimi namuua mama kwa sumu ya dripu. Nikasema yeye anamuua kwa gome la mti. Tulikuwa tumesahau kwamba dirisha la mama liko wazi.

Alituita. Alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Alinyoosha mkono kwa kaka, akapokea kikombe, akanywa mpaka tukaona kitako chake. Kisha akanyoosha mkono kwangu, akapokea vidonge, akavimeza kwa maji. Alituangalia kwa zamu.

"Haya, nendeni kazini," alisema.

Tukaenda. Nakumbuka nilitembea hadi kituoni nikiwa na furaha, katika mvua ile, nikijisemea kwamba ameafiki. Baadaye kaka aliniambia kwamba na yeye alitembea hadi Gerezani akijisemea hivyo hivyo.

Hakupata nafuu. Tumbo lilianza kujaa, macho yakawa manjano, mikono ikakonda mpaka bangili zikawa zinateleza hadi kiwiko. Kaka aliongeza uyoga kwenye sufuria, maji yakawa meusi. Mimi nilisema ndiyo hayo maji yanayomaliza ini. Yeye akasema ni dripu. Tulifikia hatua ya kutosalimiana, tukawa tunapishana mlangoni mwa mama, kila mtu na chombo chake mkononi. Nilikuwa na uchungu naye ambao sijawahi kuwa nao kwa mtu mwingine, na naamini alikuwa nao kwangu.

Mama alifariki mchana, wakati wa adhuhuri, mtani akiwa pembeni yake. Mimi nilikuwa nafundisha. Simu ilipoita sikuipokea kwa sababu tumewakataza wanafunzi kuwa na simu darasani na nilitaka kuwa mfano. Nikamaliza kipindi. Alizikwa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi, nasi wanawake tukabaki nyumbani na mikeka na sauti za magari ya Kariakoo, ambayo hayapungui kwa ajili ya mtu.

Siku ya kuanua tanga watani hufanya kazi yao. Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa: huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Uwani kulijaa. Wanaume walikuwa wamemaliza kula, wanawake tunakusanya sahani, na mtani akatoka chumbani amevaa gauni moja la mama kati ya yale ya Mchikichini, na kitambaa chake cha kichwa, amejishika ubavu. Alitembea kwa ule mwendo wa mama wa mwisho mwisho, mguu unaburuta kidogo. Watu walianza kucheka huku wanalia, kama inavyotakiwa.

Aliketi kwenye kigoda akaitisha chai yake ya uyoga. Alijifanya anapokea kikombe kwa kaka, kimya, bila asante. Akasubiri mpaka kaka wa kufikirika ameondoka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanyanyuka kwa taabu, akakimwaga chini ya mpapai ulio pembeni ya bafu. Alisema kama kuna aliyepona katika nyumba hii ni mpapai. Watu walicheka sana. Halafu akapokea vidonge kutoka kwangu, akaviweka shavuni, akangoja, akavitema kwenye mtandio. Kisha akasimama, akajifunga kanga, akapaza sauti kwa sauti ya mama, sauti yenyewe kabisa:

"Mtumwa wangu, niite bajaji. Waambie dripu. Twende Feri."

Watu waliendelea kucheka. Mimi nilimtazama kaka, ng'ambo ya uwani, na kaka alikuwa ananitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa majuma mengi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anacheka, na wote wawili tulikuwa tunajua kwamba sasa hivi huyu mwanamke hafanyi utani, na kwamba hata zamani hakuwa anafanya.

Nilimfuata chumbani kwake alipokwenda kuvua zile nguo. Nilitaka kumgombeza. Nilimkuta amekaa kitandani ameshika gauni, analia kwa namna ambayo hakulia mbele za watu. Nikakaa chini.

Alinieleza bila kufichaficha, na bila kuomba radhi. Daktari aliwaambia yeye na mama, mapema kabisa, baada ya zile dripu za kwanza, kwamba maradhi yameshafika kwenye ini. Dripu zingemwongezea muda. Hazingemponya. Mama aliuliza muda huo atautumia amelala au amekaa, na daktari, ambaye mtani alisema ni kijana mwenye adabu, alimwambia kweli kwamba siku nyingi atakuwa amelala. Mama akamshukuru. Walipotoka nje akasema ana hamu ya samaki wa kukaanga.

Nikauliza kwa nini mama hakutuambia. Kwa nini alituacha tukatukanana mbele yake miezi yote ile.

"Nilimuuliza," mtani alisema. "Akaniambia, mmoja anachemsha, mwingine anasoma. Nikiwanyang'anya hivyo watabaki na nini?"

Aliniambia pia kwamba mama alipenda sana pale kwenye mnada, alikuwa anajua majina ya samaki ambayo hata wauzaji wameyasahau, na kwamba siku ya mwisho hakuweza kushuka kwenye bajaji, wakaegesha kando, akawa anasikiliza bei tu. Nililia kwa ajili ya hilo kuliko nilivyolia siku ya maziko. Nilimwonea mtani wivu. Sioni haya kusema. Alipewa mama mzima, na sisi tukapewa mgonjwa wa kubishania.

Jioni, wageni walipopungua, nilimkuta kaka uwani. Sufuria ilikuwa imeoshwa, imeegeshwa ukutani, na yeye ameketi kwenye kigoda kile kile cha mtani. Nilimweleza yote niliyoambiwa: ini, daktari, samaki. Alisikiliza huku anatazama chini ya mpapai, mahali ambapo udongo ulikuwa umebadilika rangi. Alikuwa amezeeka katika majuma yale, na nilijua na mimi nimezeeka. Alipoongea hakuongea kwa ubishi wake, aliongea kama mtu anayeuliza njia.

"Mdogo wangu, wewe umesoma," alisema. "Angekunywa kweli, ingemsaidia?"

Kwa miezi mingi nilikuwa nimemjibu swali hilo kabla hajaliuliza. Nilikuwa na jibu la chombo na maji ya moto, nilikuwa na jibu la kutu, nilikuwa na majibu ya kujaza ubao. Nilikaa karibu yake kwenye saruji iliyolowa, nikamshika mkono, na sikumjibu. Nilikuwa na swali langu kama hilo hilo kuhusu dripu, na nilijua yupo daktari, kijana mwenye adabu, anayeweza kunijibu, na nilijua pia kwamba sitakwenda kumuuliza.